Bill Mauldin: Mchora katuni aliyewasemea askari wa chini

MAPEMA mwaka 1945, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni barani Ulaya, sajenti mmoja wa Jeshi la Marekani mwenye umri wa miaka 23 aliitwa nchini Luxembourg kujieleza mbele ya Jenerali George Patton, mmoja wa makamanda waliogopwa kuliko wote katika jeshi hilo. Sajenti huyo hakuwa ametoroka vitani, wala hakuwa ameiba ghalani. Kosa lake lilikuwa kuchora askari wenye ndevu.

Huyo alikuwa William Henry Mauldin, aliyefahamika zaidi kwa jina la Bill. Alikuwa mchora katuni wa gazeti la jeshi la Stars and Stripes, na michoro yake ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu mahandakini kama zinavyosubiriwa barua za nyumbani. Baada ya vita alikuja kuwa mmoja wa wachora katuni za tahariri mashuhuri zaidi nchini Marekani, akitunukiwa Tuzo ya Pulitzer mara mbili.

Kisa cha maisha yake ni kisa cha swali moja: mchoraji anayelipwa mshahara na jeshi, au na gazeti, anapaswa kumtumikia nani? Mauldin alilijibu mapema, angali kijana, na jibu hilo lilimpa sifa kubwa. Lilimgharimu pia.

Utoto wa milimani

Mauldin alizaliwa Oktoba 29, 1921, katika kijiji cha Mountain Park kilichopo milimani katika jimbo la New Mexico, kusini magharibi mwa Marekani. Familia yake ilikuwa na historia ya uaskari. Babu yake aliwahi kuwa mpelelezi wa kiraia aliyefanya kazi na kikosi cha wapanda farasi, na baba yake alikuwa mpiga mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza.

Utotoni alisumbuliwa na ugonjwa wa matege, hivyo hakuweza kushindana na wenzake katika mbio na mieleka. Akajifariji kwa penseli. Wazazi wake walipotengana, yeye na kaka yake walihamia mjini Phoenix, jimboni Arizona, ambako alisoma sekondari. Hakuhitimu kwa wakati. Cheti chake alikuja kupewa mwaka 1945, akiwa tayari ni mtu maarufu.

Mwaka 1939, kwa fedha alizokopeshwa na bibi yake, alikwenda Chicago kusomea uchoraji katika chuo cha Chicago Academy of Fine Arts. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Vaughn Shoemaker, mchora katuni wa gazeti la Chicago Daily News, ambaye alikuwa ameshinda Tuzo ya Pulitzer mwaka mmoja kabla. Hapo ndipo kijana huyo alipojifunza kwamba katuni ya tahariri haiwi nzuri kwa sababu ya mistari yake pekee, bali kwa hoja iliyobebwa ndani yake.

Hata hivyo, soko halikumpokea. Alirejea Phoenix mikono mitupu na Septemba 1940 akajiandikisha katika Walinzi wa Taifa wa Arizona, jeshi la akiba la jimbo hilo. Siku chache baadaye kikosi chake kiliingizwa katika jeshi la taifa, naye akajikuta ni askari wa Divisheni ya 45 ya watembea kwa miguu.

Willie na Joe wazaliwa

Divisheni ya 45 iliundwa na vijana wa majimbo ya Arizona, New Mexico, Oklahoma na Colorado, wakiwamo wengi wenye asili ya Wahindi Wekundu, wenyeji wa awali wa Marekani. Ilikuwa na gazeti lake dogo, 45th Division News, na Mauldin alijitolea kulichorea huku akiendelea na kwata na mazoezi ya bunduki katika kombania yake.

Humo ndimo walimoanza kuonekana wahusika wawili ambao baadaye waliitikia majina ya Willie na Joe. Mwanzoni walikuwa vijana wa kambini, wenye sura za kuchekesha na vituko vya kikurutu. Vita viliwabadilisha.

Julai 1943 divisheni hiyo ilitua katika kisiwa cha Sicily, kisha ikavuka kuingia Italia bara, kwenye mapigano ya Salerno na vita vya milimani vilivyodumu majira yote ya baridi. Gazeti lilikuwa likichapishwa katika mitambo iliyokutwa kwenye miji iliyotekwa, kwa karatasi na wino vilivyookotwa popote vilipopatikana. Mauldin alitumia brashi na wino mweusi mzito, na kadiri vita vilivyozidi kuwa vikali ndivyo weusi ulivyozidi kutanda katika michoro yake: matope, mvua, usiku na kuta zilizobomoka.

Willie na Joe nao wakazeeka. Migongo iliinama, macho yakaingia ndani, ndevu zikaota, magwanda yakachakaa. Hawakuwa na chuki kubwa na adui wala hotuba za kizalendo. Walichotaka ni kukauka, kulala na kurudi kwao wakiwa hai.

Mwaka 1943 Mauldin mwenyewe alijeruhiwa begani na kipande cha bomu la mota alipokuwa amewatembelea askari wa mstari wa mbele nchini Italia, akatunukiwa nishani ya Purple Heart ambayo hupewa majeruhi wa vita. Baadaye alichora katuni inayomwonesha Willie mbele ya mganga wa jeshi, akiikataa nishani ya pili na kuomba apewe vidonge vya kutuliza maumivu badala yake.

Sauti ya mahandakini

Februari 1944 alihamishiwa rasmi katika gazeti la Stars and Stripes, lililosomwa na wanajeshi wa Marekani katika medani zote. Alipewa gari la Jeep, na humo alizunguka kati ya mstari wa mbele na chumba cha habari. Alitakiwa kutoa katuni 6 kwa wiki. Alikaa na askari mahandakini, akasikiliza manung'uniko yao, kisha akarudi mezani kuchora.

Michoro yake mingi haikuhitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kulala kwenye matope. Katika mmoja, Willie anamlipa Joe aliyemwokoa maisha jana yake. Hana fedha wala nishani ya kumpa, hivyo anampa jozi yake ya mwisho ya soksi kavu. Msomaji wa mjini angeweza kucheka. Askari wa Italia alijua kwamba miguu iliyokaa kwenye maji kwa siku kadhaa huoza, na kwamba soksi kavu zilikuwa mali kuliko dhahabu.

Katika mchoro mwingine, maofisa wawili wanatazama machweo ya kupendeza milimani, na mmoja anamuuliza mwenzake kama askari wa vyeo vya chini nao wametengewa mandhari yao. Katuni hiyo ndogo ilisema kuhusu ubaguzi wa vyeo jeshini kile ambacho askari hangeweza kukitamka bila kuadhibiwa.

Upo pia mchoro usio na neno hata moja chini yake. Sajenti mzee wa kikosi cha wapanda farasi amesimama mbele ya Jeep iliyovunjika ekseli. Amejifunika macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaipiga gari hiyo risasi, kama alivyozoea kumfanyia farasi aliyevunjika mguu ili asiteseke.

Januari 1944 mwandishi wa habari za vita Ernie Pyle, aliyependwa sana na wasomaji wa Marekani, aliandika makala ya kumsifu kijana huyo. Shirika la United Feature Syndicate likaanza kuzisambaza katuni zake kwa magazeti ya kiraia. Kwa mara ya kwanza, wazazi na wake waliobaki nyumbani wakaona vita kwa jicho la askari wa kawaida. Pyle hakuuona mwisho wa vita hivyo. Aliuawa kwa risasi Aprili 1945 katika kisiwa kimoja karibu na Okinawa.

Mbele ya Jenerali Patton

Si kila mtu jeshini aliyefurahi. Jenerali Patton aliamini kwamba nidhamu ya askari huanza na usafi wake. Katika Jeshi la Tatu alilokuwa akiliongoza, askari alitakiwa kunyoa ndevu, kufunga tai na kuvaa kofia ya chuma, na asiyetii alitozwa faini. Kwake, Willie na Joe walikuwa kashfa na kichocheo cha uasi.

Mauldin alizidi kumchokoza. Alichora Willie na Joe wakiwa ndani ya Jeep, wamesimama mbele ya bango kubwa kwenye mpaka wa eneo la Jeshi la Tatu, lenye orodha ya makosa na faini zake. Wawili hao wanaamua kumjulisha mkubwa wao kwamba watachelewa, kwa kuwa inabidi wazunguke maili elfu moja kulikwepa eneo hilo.

Patton alitishia kumtia ndani. Ofisi ya Jenerali Dwight Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya washirika barani Ulaya, iliona heri wawili hao wakutanishwe. Kikao kilichukua takriban dakika 45. Jenerali ndiye aliyezungumza sehemu kubwa ya muda huo, akimweleza sajenti umuhimu wa nidhamu tangu enzi za majeshi ya kale. Mauldin alisikiliza, akapiga saluti, akaondoka. Ndevu za Willie na Joe hazikunyolewa.

Aliyemnusuru ni Eisenhower, ambaye aliagiza kwamba mchoraji huyo asiingiliwe. Kamanda huyo alielewa jambo ambalo Patton hakulikubali: askari anayeyacheka mateso yake hupata pa kupumulia, na gazeti la jeshi lisilosema ukweli halisomwi na mtu.

Mwaka huo huo Mauldin alipata Tuzo ya Pulitzer ya katuni za tahariri. Hadi wakati huo hakukuwa na mshindi wa tuzo hiyo aliyekuwa na umri mdogo kama wake. Mchoro ulioshinda unaonesha askari wa Marekani wakiwasindikiza mateka wa Kijerumani katika mvua. Maneno yaliyo chini yake yanaiga lugha ya kishujaa ya taarifa za habari, yakiwataja washindi wenye ari na mateka waliochoka. Lakini mchoroni wote wamelowa, wote wamechoka, na ni vigumu kumtofautisha mshindi na mshindwa.

Juni 18, 1945, sura ya Willie ilipamba jalada la jarida la Time. Kitabu chake, Up Front, kilichotoka mwaka huo, kiliuzwa kwa wingi. Mauldin alikuwa amekusudia kumaliza kwa kuwachora Willie na Joe wakiuawa siku ya mwisho ya mapigano, kama walivyouawa askari wengi aliowafahamu. Wahariri wa Stars and Stripes walimkatalia.

Msema kweli hana wajoli

Alirudi Marekani akiwa na fedha na jina kubwa, lakini bila utulivu. Wasomaji walitaraji vichekesho vya Willie na Joe wakiwa raia. Yeye aliona mambo mengine: askari waliorudi wakikosa nyumba za kuishi, Wamarekani weusi waliopigania nchi yao wakirejea kwenye ubaguzi ule ule, na wanajeshi wenye asili ya Japani wakifukuzwa na majirani zao licha ya nishani walizovaa vifuani.

Akayachora hayo. Alilishambulia kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan na kuwakejeli wanasiasa waliomwita mkomunisti kila aliyewapinga. Matokeo yake yalikuwa ya haraka. Magazeti yakaanza kuacha kuchapisha kazi zake, mojawapo baada ya jingine. Shirika lililomsambazia katuni likawa linazibadilisha kabla ya kuzituma, na Shirika la Upelelezi la FBI likamfungulia jalada.

Mtu aliyekuwa amelindwa na amri ya jenerali wakati wa vita hakuwa na wa kumlinda wakati wa amani. Mkataba wake ulipofikia tamati mwishoni mwa miaka ya 1940, aliiweka brashi chini. Kitabu chake Back Home cha mwaka 1947 kinaeleza kipindi hicho.

Kwa takriban miaka 10 alitangatanga. Aliigiza katika filamu ya The Red Badge of Courage ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, pamoja na Audie Murphy, askari aliyerudi vitani na nishani nyingi. Alikwenda Korea kuripoti vita, akajifunza kurusha ndege, na mwaka 1956 akagombea ubunge jimboni New York kwa tiketi ya chama cha Democratic. Alishindwa na Katharine St. George wa chama cha Republican.

Arudi na makali mapya

Mwaka 1958 gazeti la St. Louis Post-Dispatch lilimwajiri kushika nafasi ya Daniel Fitzpatrick, mchora katuni mkongwe aliyekuwa akistaafu. Ilikuwa nafasi ya heshima, na Mauldin hakuipoteza.

Mwaka huo mwandishi wa Kirusi Boris Pasternak alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, lakini Serikali ya Kisovieti ikamshinikiza hadi akaikataa. Mauldin alichora wafungwa wawili wakipasua magogo katika theluji ya Siberia. Mmoja anamwambia mwenzake kwamba yeye alishinda Nobel, kisha anamuuliza kosa lake ni lipi. Katuni hiyo ilimpatia Pulitzer ya pili mwaka 1959. Aliyeitwa mkomunisti miaka michache kabla alikuwa ameonesha kwamba shabaha yake ni uonevu, uwe umevaa sare ya nchi yoyote.

Mwaka 1962 alihamia Chicago Sun-Times. Huko ndiko alikochora kazi yake inayokumbukwa kuliko zote za wakati wa amani.

Novemba 22, 1963, Rais John Kennedy aliuawa kwa risasi mjini Dallas. Habari zilipomfikia Mauldin, alirudi ofisini na kuchora kwa haraka. Mchoro wake unaonesha sanamu kubwa ya Rais Abraham Lincoln iliyopo jijini Washington, ambayo humwonesha kiongozi huyo akiwa ameketi kitini kwa utulivu. Katika katuni, sanamu imeinama na kuficha uso viganjani. Hakuna maelezo, na hayakuhitajika. Lincoln naye aliuawa kwa risasi akiwa madarakani, mwaka 1865.

Gazeti liliichapisha ikijaza ukurasa wake wa mwisho, na wauza magazeti waliligeuza ili ukurasa huo ndio uonekane mbele. Mchoro halisi alipewa mjane wa rais, Jacqueline Kennedy, na sasa umehifadhiwa katika maktaba ya kumbukumbu ya Kennedy.

Hakuacha kuwafuata askari. Februari 1965 alikuwa Vietnam kumtembelea mwanawe, rubani wa helikopta, wakati kambi ya Marekani ya Pleiku iliposhambuliwa. Mwanzoni aliiunga mkono vita hiyo, baadaye akaipinga. Kadhalika, aliwafufua Willie na Joe kwa nadra mno, ikiwamo alipowaaga majenerali George Marshall na Omar Bradley, ambaye wanajeshi walimwona kuwa jenerali wa askari wa kawaida.

Charles Schulz, mchoraji wa Peanuts na askari wa zamani wa vita hivyo, alimwenzi kwa namna yake. Kwa miaka mingi, kila ilipofika Siku ya Maveterani, katuni yake ilimwonesha mbwa Snoopy akifunga safari kwenda kunywa kinywaji nyumbani kwa Bill Mauldin.

Askari walipa deni

Mauldin alistaafu mwaka 1991. Miaka ya mwisho ya maisha yake ilikuwa ya majonzi. Ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer ulimnyang'anya kumbukumbu, na ajali ya maji ya moto ilimwachia majeraha makubwa. Alilazwa katika nyumba ya kuuguzia wazee mjini Newport Beach, California, akiwa haongei sana wala hawatambui wengi.

Mwaka 1944 na 1945 alikuwa amewafariji vijana waliodhani wamesahauliwa. Mwaka 2002 habari za hali yake zilipotangazwa magazetini, vijana wale, sasa wazee wa miaka 80 na zaidi, walikuja. Baadhi walifika na nishani vifuani, wakaketi kando ya kitanda chake na kumweleza jinsi Willie na Joe walivyowasaidia kuvuka majira ya baridi ya Italia. Wengine walimwandikia, na barua na kadi zikamiminika kwa maelfu. Nyingi zilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nao hawakuwa wamesahau.

Alifariki dunia Januari 22, 2003, akiwa na umri wa miaka 81, na akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington, ambako majenerali na askari wa kawaida hulala pamoja. Sehemu kubwa ya michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba na Makumbusho ya Kijeshi ya Pritzker.

Machi 2010 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu ya kumkumbuka. Inamwonesha akiwa kijana, katika sare ya jeshi, zana za uchoraji mkononi. Kando yake wapo Willie na Joe, ndevu zao zikiwa bado hazijanyolewa.